Fuko wa Dundori

Mwezi uliopita, Jumamosi alasiri, niliona mto ukifunga virago. Usinicheke, rafiki yangu. Ilikuwa filamu ya katuni kutoka Japani, na mwalimu wa klabu ya mazingira katika shule ya binti yangu alikuwa ametualika sisi wazazi tuitazame pamoja na watoto, katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani kwetu Nakuru, Section 58. Nilienda kwa sababu binti yangu alinisumbua wiki nzima, na kwa sababu siku hiyo kibanda changu cha chipsi hakikuwa na wateja. Nilidhani nitasinzia kidogo kwenye kiti cha plastiki.

Katika filamu ile mto ni mama mtu mzima, amevaa nguo ndefu ya buluu, na samaki wanaogelea ndani ya pindo lake. Watu wa kijiji wameumaliza msitu wa mlimani. Asubuhi moja yule mama anayakunja maji yake kama mtu anavyokunja shuka, anayatia kikapuni, anaenda zake bila kuaga. Kijiji kinaamka na kukuta mawe matupu.

"Haiya! Mto imerudi kwao!" mama mmoja akasema nyuma yangu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Na hajabeba hata sufuria," mwingine akajibu. "Huyo amekasirika kabisa."

Jirani yangu, fundi wa redio aliyestaafu, alininong'oneza kwamba hawa Wajapani wana wakati wa kuchezea. Lakini pale msichana mdogo alipopiga magoti kwenye mawe yale makavu akaanza kuuita mto urudi, hata yeye alisogeza kiti chake mbele. Nyuma yetu mtoto mmoja alilia kwa sauti mpaka mama yake akamtoa nje kumtafutia mandazi. Nami nikapangusa macho, nikasingizia vumbi.

Filamu ilipoisha, mwalimu aliuliza nani wa kulaumiwa misitu inapoisha. Mikono ikapanda. Watu wa makaa, mmoja akasema. Wenye viwanda vya mbao. Fundi wa redio akasimama akasema ni wakubwa wa Nairobi, na hapo wazazi wakapiga makofi. Kila mtu alikuwa na wake wa kulaumu, na wote waliolaumiwa walikuwa mbali na ukumbi ule. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Ndipo binti yangu akasimama.

"Mum yangu alipanda miti huko Dundori akiwa mdogo kama mimi," akasema. "Alikuwa na laini yake mwenyewe ya miti. Foresta, yule wa kulinda msitu, ndiye alimpea."

Watoto wakashangilia. Mwalimu akanigeukia uso umemeremeta. "Kumbe tuko na shujaa hapa na hatujui! Mama, hii term lazima utupeleke tuone hiyo miti." Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu, nikainua mkono kama mheshimiwa anayesalimia watu.

Binti yangu hakudanganya. Hadithi hiyo nilimpa mimi mwenyewe, mara nyingi, nikimsuka nywele. Ni kweli nilipanda miti. Ambayo sikumwambia ni yaliyoipata miti hiyo, wala sijawahi kumwambia mtu mwingine yeyote. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mtungi huu kata ni mimi.

Basi nikupeleke Dundori ya utotoni mwangu. Nililelewa na nyanya, mama yake mama, katika nyumba ya mabanzi iliyoegemea msitu. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, na mbega walinguruma juu ya miti kabla jogoo hajapata nafasi yake. Tulikunywa uji uliochacha vizuri, ule wa kukunja uso kwanza kisha unaomba mwingine. Chini ya mteremko palikuwa na kijito, maji yake yanauma vidole, na huko ndiko nilikochota, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Siku za kuchimba viazi tuliwasha moto wa mabua pale pale shambani, tukavifukia viazi kwenye majivu, tukavila na maganda yake, midomo ikawa myeusi. Ukisimama pale juu jua likiwa limetoka, uliliona ziwa kule chini Nakuru, na ukingo wake wa waridi wa flamingo. Leo nauza viazi vya kukaanga kutwa, na sijaonja tena kiazi kitamu kama kile.

Lakini shamba lile halikuwa letu. Nyanya alizaliwa kwenye shamba la mzungu, baba yake akiwa kibarua, akaolewa kwenye shamba la mzungu mwingine, na mashamba yalipogawanywa mumewe alikuwa ameshakufa na jina lake halikuwa kwenye orodha. Alichopata ni kipande cha msitu. Utaratibu ulikuwa huu: mahali miti ilipokatwa, serikali ilikupa sehemu ulime viazi vyako, na katikati ya viazi ikapandwa miche ya saiprasi. Ukipalilia viazi, umepalilia na miche. Baada ya miaka mitatu hivi miti inakuwa mirefu, kivuli kinafunga, viazi haviwezi tena, na wewe unahama. Unapewa kipande kingine, kama kipo. Nyanya alikuwa amehama mara tatu, na kwenye kipande hiki cha nne aliambiwa mapema kwamba vingine vimekwisha.

Msimamizi wa miche ile alikuwa Foresta. Hivyo ndivyo tulivyomwita, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, mrefu, mwenye kofia ya kijani na baiskeli iliyolia kila pedali ilipozunguka, kwa hiyo tulimsikia kabla hatujamwona. Hakuwa mkali. Maaskari wengine wa msitu waliwanyang'anya akina mama kuni, huyu aliwasaidia kuzifunga. Mimi alinipenda kwa sababu sikuwa na woga wa kuuliza maswali. Siku ya kupanda alinifundisha kuushika mche shingoni, kuunyoosha mzizi wake usijikunje shimoni, na kuushindilia udongo kwa kisigino. Kisha akanionyesha mstari mmoja mzima.

"Hii laini ni yako," akaniambia. "Ukikuwa mtu mkubwa, kuja na watoto yako uwaonyeshe."

Niliupenda mstari ule. Nilikuwa nikitoka shuleni naupitia nikiwa bado na sare, nikiigusa miche vichwa mmoja baada ya mwingine.

Mwaka wa pili, miche ikiwa imenifikia magotini, nyanya aliniamsha mapema tukaenda kupalilia ukungu haujaondoka. Aliangalia huku na huku, akapiga magoti, akanionyesha. Unaingiza vidole udongoni kando ya mche, taratibu, mpaka uguse mzizi mkuu. Unaukata kwa ukucha wa gumba. Kisha unarudisha udongo na kuupapasa, na mche unabaki umesimama kijani kama haujui kwamba umekufa. Unanyauka wiki ya pili, na kila mtu anasema ni jua. Mikono ya nyanya ilikuwa mikubwa, ingeacha alama. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba.

"Si yote," akasema. "Hapa mmoja, pale miwili. Hii miti ikisimama, sisi tunalala wapi?"

Nilimuuliza kama ni dhambi. Akasema mwenye njaa hana miiko, na akaniambia niendelee. Mteremko mzima walikuwa wakifanya hivyo. Ukitazama vizuri kwenye ukungu uliwaona akina mama wameinama kila mmoja kwenye kipande chake, na hakuna aliyemsalimia mwenzake mpaka kazi iishe. Nami nakwambia ukweli, na huu ndio unaoniuma: nilikuwa hodari. Nilijivunia kwamba hakuna anayeweza kuona nilipopita. Tulipoufikia mstari wangu, nyanya alitaka kuuruka, mimi ndiye niliyesema tusipougusa tutashukiwa.

Miche ikaanza kufa. Foresta alikuja, akashuka kwenye baiskeli, akashika kiuno. Nyanya akamwendea na Kiswahili chake cha kuazima. "Ni fuko, bwana Foresta. Fuko imemaliza sisi. Hata viazi inakula."

Na Foresta akaamini. Sisi kule juu tulikuwa na fuko kweli, wale wanaochimba chini kwa chini wakila viazi na mizizi, kwa hiyo uongo ule ulikuwa na miguu ya kusimamia. Alitengeneza mitego ya fito na waya, akazunguka nayo shamba kwa shamba, jioni baada ya jioni, na aliyembebea waya alikuwa mimi. Tulichuchumaa pamoja kwenye mashimo. Alikuwa akinikatia mkate aliobeba, nusu yake nusu yangu, na kunieleza jinsi fuko anavyosikia hatua za mtu akiwa ardhini. Akishika mmoja alifurahi kama mtoto, akasema sasa tutapumua. Asubuhi iliyofuata mimi na vidole vyangu tulikuwa kazini tena. Aliponiona nina huzuni juu ya mstari wangu alinifariji, akaniletea miche mingine ya kujaza mapengo. Hiyo nayo niliiua.

Kisha siku moja likaja gari la serikali, na ndani yake mkubwa wake mwenye tai. Hakuuliza habari za fuko. Aling'oa mche mmoja uliokauka, akautazama mzizi, akang'oa wa pili na wa tatu, kisha akamwonyesha Foresta mbele yetu sote.

"Fuko inatafuna," akasema. "Hii imekatwa. Wamekupatia nini ili unyamaze?"

Foresta alitazama ule mzizi kwa muda mrefu. Halafu akatutazama sisi, akina mama waliosimama na majembe, na mwisho akanitazama mimi, na mikono yangu nikaificha nyuma. Ninaamini alijua wakati ule. Angeweza kuninyooshea kidole, nyanya angefukuzwa siku hiyo hiyo. Alisema tu, "Hakuna kitu nimepewa, mkubwa. Ni mimi sikuangalia vizuri." Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kinywa. Nyanya alikuwa ameinamisha kichwa kama yuko kanisani.

Wiki hiyo Foresta aliachishwa kazi. Aliondoka na godoro na sanduku moja amevifunga kwenye baiskeli, akiisukuma, akapita kando ya shamba letu. Nyanya aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilikuwa uani namenya viazi, nikajificha nyuma ya ghala, nikaisikiliza ile baiskeli mpaka ikaishia kwenye kona. Nyanya hakuniita kula jioni ile, wala yeye hakula.

Tulipata nini? Misimu minne ya viazi. Kisha amri ikatoka tuhame wote, miti iwe imeota au haikuota, na nyanya akamalizia siku zake katika chumba cha kupanga hapa mjini, akilalamikia maji ya mfereji kwamba hayana ladha. Alifariki bila kulitaja jambo lile. Sikumlaumu na simlaumu. Lakini mzigo huu tulikuwa tumeubeba wawili, akaniachia peke yangu.

Baada ya filamu ile sikuweza kumtazama binti yangu usoni. Alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake watabeba chakula gani siku ya kwenda kuona miti ya mama yake. Nikaona nimweleze kabla hajaaibika mbele ya klabu nzima, ingawa kwa kweli nilikuwa nikiogopa aibu yangu, wala si yake. Jumapili baada ya kanisa nikampeleka Dundori, sisi wawili tu.

Kijito hakipo. Kuna bonde la mawe na mifuko ya mbolea, na mwanamke tuliyekutana naye aliniambia maji huonekana mvua ikinyesha sana. Mbega hawapo. Mteremko ule wote ni viazi na kabeji mpaka kileleni, mashamba ya watu nisiowajua, yenye ua wa waya. Binti yangu alizungusha macho akitafuta.

"Mum, miti yako ni gani?"

Nikampigia magoti pale pale kando ya ua. Nikamwonyesha kwa vidole vyangu, ambavyo siku hizi ni vinene na vimeungua mafuta, jinsi nilivyokuwa nikiingia udongoni, na nilivyokata. Nikamwambia habari za nyanya na vipande vilivyokwisha, na mitego, na mkate, na lile gari. Sikuacha kitu. Nilisubiri anichukie, na nadhani ningefarijika kidogo kama angenichukia.

Aliutazama ule mteremko, kisha mikono yangu.

"Utaambia klabu?" akauliza.

"Nitawaambia."

"Sawa. Lakini usiseme Foresta tu. Alisaidia shosho, huyo nyanya yako, lazima tumtaje vizuri. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa nimjibu. Mtu yule alilijua jina langu, la nyanya, hata la mbuzi wetu. Alijua nachukia maganda ya mkate, akawa anakula yeye na kunipa mimi ule ulaini wa ndani. Nilikaa pale magotini nikitafuta, binti yangu akinisubiri kwa subira, na nikalazimika kumwambia kwamba sikuwahi kumuuliza.