Gundi ya Dukani Katika Ala ya Mzee Kuramochi

Huko Seki, mji wa wafua panga, Kuramochi Tokuji alichonga ala za panga kama baba yake alivyochonga, na gundi yake aliichota kwenye chungu cha wali. Mkewe, Hatsuyo, alikwisha acha kulalamika; alipika wali wa watu wawili na ala moja.

Ndipo Igarashi, muuza viatu, alipoleta upanga wa babu yake. Ulikuwa umehifadhiwa katika ala ya mapumziko, ya mti mweupe usiopakwa rangi, kazi ya marehemu Mzee Kuramochi, baba yake Tokuji. Ala ilikuwa imeachia kwenye kiungo cha nusu zake mbili; Igarashi akaiunga kwa gundi ya dukani. Sasa upanga hautoki.

“Gundi ya mzee ilikuwa dhaifu, fundi,” alisema. “Hii inashika hata soli.”

“Naona.”

“Kwani nimekosea?”

“Umeunga vizuri mno, bwana. Ala hii huungwa kwa wali ili ibanduliwe, isafishwe, iungwe tena. Sasa sina pa kuingilia ila kwa msumeno.”

Tokuji hakuwa na kazi nyingine ya baba yake. Ala zote zilikwenda na wenye panga. Akiikata hii, anaiharibu kwa mkono wake. Akiiacha nzima, chuma kitaliwa na kutu humo ndani. Aliiweka mezani, akanywa chai, akaigeuza upande wa pili.

“Unaogopa ala au unamwogopa mzee?” Hatsuyo aliuliza.

“Mzee.”

“Si alishakufa?”

“Najua. Nilikuwepo.”

Akaikata, taratibu, kwa kufuata kiungo. Upanga ukatoka na doa dogo la kutu, ambalo mnoaji angeliondoa. Kisha akatazama ndani ya ala. Karibu na ncha patasi ilikuwa imeteleza, na shimo lake likazibwa kwa kipande cha mti. Kwa kosa kama hilo, mzee alikuwa akimwamuru mwanawe aitie ala motoni. Tokuji alikuwa ameota moto wa ala zake mwenyewe ujana wake wote.

“Hatsuyo, njoo. Mzee alitia kiraka.”

Hatsuyo akainama. “Mbona kizuri? Hata hakionekani.”

“Hilo ndilo linaloniudhi.”

Aliipeleka ile nusu ya ala yenye kiraka kwenye madhabahu ya nyumbani, akaisimamisha mbele ya picha ya baba yake, kiraka kikiielekea picha.

“Itakaa hapo mpaka lini?” aliuliza Hatsuyo.

“Mpaka ajibu.”