Fundi Cherehani Aliyesema "Nje"

Cherehani imesimama katikati ya pindo. Mguu wa fundi uko juu ya pedali, lakini haukanyagi. Barazani, mbele ya mlango wake, wanaume wanne wameinamia simu moja kama kuku waliomwagiwa mtama.

"Rudisha! Rudisha nyuma kidogo. Hapo hapo, isimamishe!"

"Umeona? Kinyoya kimegusa mstari. Hata kipofu akipapasa anajua kimegusa."

"Sasa yule mama kwenye kiti alikuwa anaangalia nini? Mabati?"

Kicheko kinalipuka. Fundi naye anacheka, tena kwa sauti, kisha anainamia kitambaa kana kwamba uzi umekatika.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya fainali ya mashindano ya kimataifa ya mchezo wa vinyoya, yaani badminton, iliyochezwa katika ukumbi ulio nyuma ya duka lake. Mama aliyekuwa akichekwa ni yeye.

"Kile kicheko nilikisikia kikitoka kinywani mwangu," anasema fundi huyo, akikunja kitambaa alichokwisha kukikunja. "Unajua mtu anavyojitemea mate mwenyewe? Ndivyo nilivyofanya."

Ni mama wa watoto watatu, mwembamba, mwepesi wa maneno, na mtaa mzima unamwita Fundi tu. Hushona sare za shule, mapazia, na zaidi ya yote jezi za klabu zinazofanya mazoezi ukumbini. Kazi ya jezi ndiyo iliyompeleka huko. Alikuwa akiingia kurekebisha mikanda na vifungo vya wachezaji, akikaa kutazama, mpaka siku moja katibu wa chama akamwambia wanatafuta waamuzi wa mstari.

Mwamuzi wa mstari hukaa kwenye kiti pembeni ya uwanja. Kinyoya kikitua ndani, ananyoosha mkono kuuonyesha mstari. Kikitua nje, anaita "Nje!" na kutanua mikono yote miwili. Hana mshahara. Anapewa nauli, chakula cha mchana, koti la bluu na kofia.

Barazani hakumwambia mtu. Mashabiki wale ni wateja wake na ni jirani zake, na kwa vinyoya wanaweza kugombana kutoka chai ya asubuhi hadi jua la utosi. "Nilijua wakigundua tu, kila pointi wataniuliza mimi," anasema. "Nikawaambia naenda ukumbini kushona."

Kwa hiyo Jumapili ile, hakuna shabiki aliyemtambua chini ya kofia. Mchezaji wa nyumbani, binti ambaye mashabiki humwita Kipanga kwa jinsi anavyoshuka na raketi yake, alikuwa akihitaji pointi moja tu awe bingwa. Ukumbi ulikuwa umesimama. Akaruka, akapiga. Kinyoya kikashuka kama jiwe kwenye kona ya Fundi.

"Nje!"

Mwamuzi mkuu akakubali. Mashindano yale hayakuwa na kamera za kukata rufaa. Kipanga aligeuka kukitazama kiti cha pembeni mara moja tu, akarudi kuchezea pointi iliyofuata akiwa amekwisha kuvunjika moyo. Alipoteza hiyo, akapoteza na ya mwisho. Kombe likaondoka na mgeni.

Je, alikosea kuona?

"Ningekuwa nimekosea kuona ningelala usingizi," anasema. "Mimi nilitaka kiwe ndani. Nilitaka mno. Yule binti sketi yake ya kwanza ya mchezo niliishona mimi. Nikaogopa watu wa chama watasema nimempendelea. Kinyoya kilipokuwa kinashuka, mdomo wangu ulikuwa umeshaamua. Nilimdhulumu ili nionekane mwadilifu."

Huko barazani, mjadala haukupoa. Video iliyosambaa ilimwonyesha mwamuzi kwa mgongo, kofia imeshuka hadi masikioni. Mashabiki wakaanza kubahatisha ni nani. Muuza gesi, mtu wa maneno mengi anayezungusha mitungi mtaani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ndiye aliyepata jibu.

"Ni yule mpishi wa shule ya msingi! Si mlimwona na koti la bluu mpaka sokoni? Ananunua vitunguu kavaa koti la uamuzi!"

Ni kweli mpishi alikuwa mwamuzi, na ni kweli alilipenda koti lake. Lakini Jumapili ile alikaa upande wa pili kabisa wa uwanja.

"Fundi, wewe unaingiaga kule," muuza gesi akamgeukia. "Si ni yeye?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Anasema pini zile zilimfaa kuliko siku yoyote. Aliinua mabega juu, akayashusha. Muuza gesi akapiga makofi: "Mnaona? Hata Fundi hajakataa!"

Kesho yake mpishi alikuja dukani. Ni mwanamke mwembamba kama yeye, mcheshi, rafiki yake wa miaka mingi. Alileta aproni iliyochanika mfuko. Alipokanyaga baraza tu, mmoja akatanua mikono: "Njeee!" Wengine wakapokea.

Mpishi aliwapita. Alimtazama Fundi. Wote wawili walijua nani alikuwa amekaa wapi.

"Nilingoja aseme," Fundi anasimulia. "Neno moja tu lingetosha. Angesema 'Muulizeni huyu hapa,' ningekwisha. Hakusema. Akanipa aproni, akaniambia, 'Shona vizuri shoga yangu, mstari unyooke.' Akasubiri, akaichukua, akaenda zake."

Usiku huo alimweleza mumewe, ambaye ni mpaka rangi. Mume alikuwa akiondoa rangi kwenye kucha kwa mafuta ya taa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mke wangu, nyufa mimi nazijua," akamwambia. "Ukipaka rangi juu yake, inakaa wiki moja. Halafu inapasuka hapo hapo, na ukuta unakuwa mbaya kuliko mwanzo."

"Sasa nifanye nini?"

"Unajua. Ungekuwa hujui ungekuwa umelala saa hizi."

Hata hivyo Jumatano asubuhi alifungua duka, akakaa, akakanyaga pedali kama kawaida. Huenda angeendelea hivyo. Muuza gesi ndiye aliyemfikisha mwisho, bila kukusudia, alipokuja na kichekesho kipya.

"Jana nimepeleka mtungi wa chai ya walimu pale shuleni. Watoto wamepanga foleni ya chakula, si wakatanua mikono wote kwa pamoja! 'Njeee!' Wanamwita Mama Nje sasa. Mama wa watu kaacha upawa ndani ya sufuria, katoka kwa mlango wa nyuma. Walimu ndio wamepakua."

Wenzake walicheka. Fundi alisimama.

"Ni mimi."

"Wewe nini, Fundi?"

"Yule kwenye kiti. Ni mimi niliyesema nje. Mpishi alikuwa upande mwingine."

Walicheka zaidi, wakidhani anatania. Fundi aliingia ndani, akatoka na koti la bluu na kofia, akavivaa mbele yao, akawageuzia mgongo. Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa.

Mzee mstaafu wa posta, ambaye kwa kawaida ndiye mpole wa kundi, alikuwa wa kwanza kusema. "Jumatatu tulipokuwa tunacheka, ulicheka na sisi."

"Nilicheka, mzee wangu."

"Na huyu alipomtaja mpishi, ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"La kukosea nimelielewa, mwanangu. Kila mtu hukosea. Hayo mengine mawili, nipe muda kwanza." Akachukua fimbo yake, akaondoka.

Muuza gesi alibaki akiutazama mtungi wake. Anakiri kwamba hakuwa na pa kuweka uso. "Mimi ndiye niliyemtaja yule mama," anasema. "Sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilitaka tu kuwa wa kwanza kujua."

Fundi alifunga duka, akaenda shuleni kwa miguu. Jiko ni kibanda cha bati kilichojaa moshi, na mpishi alikuwa akikoroga maharage katika sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea. Fundi alisema aliyokuja kusema. Mpishi aliendelea kukoroga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimekusikia. Sasa shika mwiko, mimi nipumzike mgongo. Na wakija kula utawaambia wewe, si mimi."

Watoto walipokuja, mikono ikiwa tayari kutanuka, walimkuta mwanamke mgeni kwenye sufuria, macho yamemwiva kwa moshi. Aliwaambia kwa maneno ya kitoto: aliyekosea ni mimi, nikamwachia mwenzangu abebe. Binti mmoja mdogo akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niliona aibu."

"Na sasa huoni?"

"Sasa naona zaidi," akamjibu. Nyuma yake, mpishi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Urafiki wao haujarudi ulivyokuwa. Mpishi humsalimia, hupokea salamu, lakini hajaingia tena dukani. Klabu moja kubwa imechukua vitambaa vyake na kuvipeleka kwa fundi mwingine, na kazi imepungua karibu nusu. Barazani mashabiki wamerejea, ila Fundi akikohoa tu mtu hubadilisha mazungumzo. Mzee wa posta alikuja wiki iliyopita kupunguziwa suruali. Hakusema kama amesamehe. Alisema miguu imefupika kwa uzee, na Fundi anasema alitamani kulia kwa furaha ya utani huo.

Katibu wa chama alimwambia apumzike, na baadaye akampa nafasi ya kusimamia mstari katika mashindano ya watoto mwezi ujao. Amekubali. Anasema kiti kile kinamtisha kuliko zamani, na anadhani mwamuzi anapaswa kutishika.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo lingine. Kipanga yuko kambini na atarudi mjini Jumamosi kwa mazoezi. Mpaka leo anajua tu kwamba ni mwamuzi fulani aliyevaa kofia. Fundi amepanga kumngoja mlangoni pa ukumbi, peke yake, mchana kweupe.

Atamwambia nini?

"Nitamwambia jina langu na nilichofanya," anasema, akiweka kitambaa chini ya sindano. "Msamaha sitauomba siku hiyo. Nikiuomba, atalazimika kunihurumia, na yeye ndiye aliyepotelewa. Nataka amjue mtu wa kumkasirikia."

Kisha anakanyaga pedali.