Kisutu Dirishani

Ile siku tuliyoivisha ndege nguo mpya naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi, mwanangu, na harusi yangu haikuwa mbaya. Jua lilikuwa lile la Januari la kuchoma utosi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mgumu wa kichwa, mwepesi wa mdomo. Kila alfajiri nilitoka Mtopanga kuja huku Changamwe, kufanya kazi katika banda la kupaka ndege rangi pale uwanjani. Ndiyo, ndege. Usinikodolee macho. Ulidhani ndege huzaliwa na rangi yake kama kunguru?

Juzi nilikusikia ukibishana na wenzako hapo nje, ndege ilipopita juu ya mabati yetu na mkia uliopakwa upya. Mkasema kampuni imenunua ndege mpya. Wapi! Mlio ni ule ule, kilichobadilika ni kanzu. Kampuni ikipata mwenyewe mwingine, au ikitaka watu wasahau ya jana, jambo la kwanza ni rangi. Sisemi ni vibaya. Hata nyumba hupakwa chokaa sikukuu ikikaribia, na aliye ndani ni yule yule na madeni yake.

Kazi yangu haikuwa kupaka. Waliopaka walikuwa wanaume wenye bomba na barakoa. Mimi nilikuwa mfunikaji. Pale ambapo rangi haikutakiwa kufika, nilibandika karatasi na tepu: madirisha, taa, magurudumu. Na matundu. Ndege ile ilikuwa na kitundu kimoja kila ubavu, kidogo hata punje ya mtama ingekiziba. Hewa inayoingia humo ndiyo inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani na anakwenda mbio gani. Kikizibwa, saa za vipimo zilizo mbele yake zinamdanganya, naye hajui kama zinamdanganya. Tumelelewa tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa hapa pana ufa ambao ukiuziba ndiyo umeua watu.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Bakari, Mdigo wa Likoni, mtu wa maneno machache na kofia safi. Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Tepu ya kuzibia matundu iwe nyekundu, tena yenye mkia mrefu unaoning'inia. Aliyeibandika ndiye aibandue, kwa mkono wake, kisha aitundike kwenye ubao wa misumari miwili uliokuwa mlangoni. Mzee akiona tepu mbili kwenye misumari miwili, anatia sahihi, ndege inatoka. Siku nzima utamsikia akipita katikati yetu, "Bandika, bandua. Bandika, bandua." Tukimcheka, tukimuuliza kwake leo kuna shughuli gani, masufuria hayapoi.

Basi kampuni moja ikapata mwenyewe mpya. Ndege yake ilikuwa nyekundu pua hadi mkia, naye akataka nyeupe na samawati. Tukaikwangua, tukaipaka, ikatoka inang'aa kama yai. Siku ya kuionyesha, akaja kijana wa matangazo kutoka Nairobi, viatu vimechongoka, kamera mbili shingoni. Tulimbandika jina la Bwana Picha. Huyo alikuwa na neno moja tu: nyekundu isionekane.

"Nyekundu ni kampuni ya zamani," alisema. "Nataka watu waisahau."

Ndoo za mchanga wa moto zikaondolewa kwa kuwa zilikuwa nyekundu. Mwenzetu mmoja akavuliwa fulana. Halafu akafika Bi Mwanaisha, mkewe Mzee Bakari. Wageni walikuwa wapelekwe juu kidogo, mpaka usawa wa Shelly Beach na kurudi, na mzee alikuwa amepewa nafasi moja. Akampa mkewe, ambaye hakuwa amepanda ndege maishani. Akasema yeye ndege anazijua kwa nje, zamtosha. Na Bi Mwanaisha alijifunga nini siku hiyo ya fahari? Kisutu. Leso ile ya maarusi, nyekundu ya kukata macho.

Bwana Picha akamwendea kwa adabu, akampa mtandio wa samawati. Bi Mwanaisha akaushika, akaupapasa, akamrudishia.

"Mwanangu, hiki ndicho nilichoingia nacho nyumbani kwa huyu mzee. Nyinyi pigeni picha yenu, mimi nitakaa kivulini."

Tulicheka, wallahi, mpaka Bwana Picha akakosa pa kuweka uso. Nami, niseme kweli, nilimwonea huruma. Kijana mwenyewe alikuwa mzuri, sikufichi. Kwa hiyo aliponijia akanionyesha zile tepu zikining'inia kwenye weupe wake mpya, "Dada, na hizi je?", sikuwa na nguvu ya kumkatalia.

Kuzitoa tu nisingeweza. Ndege ilikuwa bado ifutwe kwa maji, na matundu yakiachwa wazi maji huingia, na nyigu hawakawii kujenga humo. Nikapata akili, hiyo niliyoiita akili. Nikakata vipande viwili vya tepu nyeupe, vidogo, vya mviringo. Nikaziba matundu navyo, nikavilainisha kwa kidole gumba mpaka hata mimi nilipotazama sikuviona. Zile nyekundu nikaenda kuzitundika kwenye misumari, zisipotee. Nikajiambia, picha zikisha, nabandua. Dakika kumi, nyingi.

Picha hazikuisha kwa dakika kumi. Zikaja hotuba, zikaja soda na sambusa. Kisha Bwana Picha akaniita nami nipigwe, mbele ya ndege, mkono kiunoni. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Ninacheka, na kosa langu liko nyuma ya bega langu, halionekani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mzee Bakari akatazama ubao: misumari miwili, tepu mbili. Akatia sahihi. Rubani naye aliizunguka ndege yake kama kawaida, akaikagua. Nyeupe juu ya nyeupe, angeona nini? Wageni wakapanda. Injini zikawashwa. Mimi nilikuwa nakusanya chupa za soda, roho yangu nyeupe, sina habari.

Nikainua macho, nikaona kisutu.

Bi Mwanaisha alikuwa amekaa dirishani, anatupungia mkono, na ndege nzima ile hapakuwa na wekundu mwingine ila huo. Nyekundu. Chupa zikaniponyoka. Nikazikumbuka tepu, mwanangu, nikajua nimefanya nini.

Sasa nikwambie jambo la aibu kuliko lile la kwanza. Sikupiga kelele. Nilisimama. Nikafikiri: nikisema, nafukuzwa kazi mbele ya watu wote hawa. Nikafikiri, pengine upepo utazibandua wenyewe. Pengine tepu ni nyembamba, hewa itapita. Palepale nilikuwa nimeshajua kuwa watu watakufa, na bado nikawa napima aibu yangu na roho zao, nione ipi nzito. Ndege ikaanza kutambaa. Bi Mwanaisha bado ananipungia, mimi, maana alinipenda.

Nikamkimbilia mzee.

"Mzee, matundu yamezibwa."

Hakuuliza na nani. Nilimwona mzee yule, miguu ikimsumbua, akikimbia mbele ya ndege, mikono ameipinga juu ya kichwa, kofia imeanguka huko. Ndege ikasimama. Injini zikazimwa. Mwenye kampuni, Bwana Picha, wageni, wote wananitazama.

"Bandua," mzee akaniambia.

Nikabandua. Nilikuwa nimezilainisha vizuri mno, kucha zilikuwa zinateleza, machozi yananidondoka. Ilinichukua muda mrefu na kila mtu alikuwa akitazama. Mzee akamulika kila tundu, rubani akamulika, kisha mzee akainama akainua kofia yake. Bi Mwanaisha akatoa kichwa mlangoni.

"Kuna nini?"

"Kulikuwa na tundu limezibwa," mzee akamjibu.

"Limezibuliwa?"

"Limezibuliwa."

"Haya, twendeni basi. Mimi nimeshavaa."

Akaenda, akarudi salama, akasema bahari ukiiona kutoka juu ni kama leso iliyoanikwa. Mwenye kampuni alitaka niondoke siku hiyo hiyo. Mzee Bakari akamwambia sahihi ni yake, kwa hiyo akitaka kumfukuza mtu, aanze na yeye. Tukabaki wote wawili.

Jioni akaniita bandani. Nilijua yatakuja matusi. Hayakuja, na afadhali yangekuja.

"Kadzo."

"Abee."

"Kusahau si neno. Mimi mwenyewe husahau majina ya wakwe zangu. Tepu ile tuliifanya nyekundu ili imkumbushe anayesahau. Nawe ukaivisha rangi ya ndege. Kosa lako si kusahau, mwanangu. Kosa lako ni kulipamba hata lisionekane."

Akachukua vile vipande viwili vyeupe, akavigandisha kwenye ubao, kimoja chini ya kila msumari. "Kila atakayeuliza hivi ni vya nini, utamjibu wewe, kwa mdomo wako. Na usipunguze neno."

Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Nikaulizwa na vibarua wapya, na marubani, na mara moja na mkaguzi wa serikali. Kila mara nilisema yote, mpaka na lile la kusimama. Mficha uchi hazai, na mimi sikuachiwa cha kuficha. Kampuni ile ilibadilisha rangi mara mbili tena, kisha ikafa. Mzee Bakari na Bi Mwanaisha wametangulia, Mungu awarehemu. Siku aliyostaafu, mzee alinipa ule ubao badala ya maneno. Nawe leo asubuhi umeingia hapa sebuleni, umetazama ukutani, ukaniuliza, "Bibi, hizo tepu nyeupe za nini?" Ndiyo maana nimekuambia ukae.

Basi sikia, maana na wewe umeanza kazi hiyo ya kuwachorea watu alama na rangi za kampuni zao kwenye kompyuta. Ifanye kwa bidii, ni kazi ya halali. Badilisha rangi upendavyo. Lakini ukikuta penye wekundu unaokuchafulia picha, uliza kwanza uliwekwa na nani, na unamlinda nani. Ukibandika, bandua wewe mwenyewe, usimwachie kesho. Na siku ukikosea, nawe utakosea, wewe ni mtu, sema wakati ndege ingali chini. Aibu hubanduka. Mimi yangu ilibanduka mbele ya watu wote, nikaishi mpaka nimezeeka. Roho ya mtu haina wa kuirudisha.

Nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona ulilolificha mwenyewe, na miguu ya kulikimbilia. Na kila siku utakayojisahau, akuwekee mwenye kisutu dirishani. Amina.