Kumpapasa Mbuzi Kwenye Foleni ya Hisa

Bisha ukitaka, lakini mimi niliyeacha shule darasa la saba ndiye niliyewafundisha watu wa Machakos maana ya faharasa. Zilikuwa enzi tamu, hata kinyozi alikuwa na hisa. Mimi nilinunua zangu kwa jasho la kushona suruali kiwandani Athi River. Siku hiyo foleni ya wakala wa hisa ilifika nje, nami nikapunga gazeti kama mwalimu mkuu.

"Faharasa ni kipimo cha soko lote," nikatangaza. "Imeshuka. Uzeni haraka!"

Mama mmoja, muuza mitumba wa Tala, alinipima kutoka viatu hadi kofia. "Wee kijana, kiangazi kikija bei ya mbuzi inashuka soko nzima. Wangu pia amekonda?"

"Mama, hii si mbuzi!"

Akapitisha vidole hewani, kama anayepapasa uti wa mgongo wa mnyama. "Unashika hapa kwanza. Kampuni yako imepata faida? Imewapa wenye hisa gawio?"

"Imetoa."

"Basi iko na nyama. Unakimbia nini?"

Foleni ikaangua kicheko. Siku hizi bei tunazisoma kwenye simu, kila mtu peke yake, na hakuna wa kukusuta.

Huwa nasimulia kwamba nilikunja gazeti nikarudi nyumbani na hisa zangu. Sehemu ninayoiacha ni kwamba niliziuza zote. Mama alinifuata dirishani, na karani alipomuuliza anauza ngapi, akajibu, "Mimi nanunua. Nipe kama zile za huyu kijana."