Toleo la Pili

Ndindi alilelewa mtaa wa Huruma na mama yake pamoja na Rispa, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyemshonea sare zote za shule. Alipopata kazi ya kuandika programu alihamia Kware, lakini Jumapili lazima aende kumwona Rispa.

Nje ya kazi, yeye na Sydney, rafiki wa tangu chuoni, walitunza kwa kujitolea maktaba ya programu: vipande vilivyoandikwa tayari, ambavyo zahanati nyingi zilivitumia kuhifadhia rekodi za wagonjwa. Siku moja wakaarifiwa kwamba maktaba hiyo ina tundu. Mwizi mjuzi angepenya na kusoma kila kitu.

Matoleo yote matatu yaliyokuwa bado yakitumika, la pili hadi la nne, yalikuwa na kasoro hiyo. La tatu na la nne waliyaziba upesi. La pili lilikuwa kuukuu, na kulitengeneza kungewachosha mno.

"Hiyo tuachane nayo, manze," Sydney alisema. "Nani bado anaitumia?"

Ndindi alisita. Zahanati ndogo hazina mtu wa kubadilisha matoleo, alilijua hilo. Lakini alikuwa hoi. "Basi tutangaze halina ulinzi tena. Wahame."

Wakatangaza. Zahanati moja ya Huruma haikupata habari. Wezi wakaingia, na majina ya wanaomeza dawa za ukimwi yakasambaa kwenye simu, ploti moja ya kupanga hadi nyingine. La Rispa lilikuwamo.

Ndindi alimkuta akifunga cherehani kwa kamba. Wateja walikuwa wamekata mguu, na mwenye ploti hakumtaka tena.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta," Rispa alisema. "Si unaweza kunifutia jina?"

"Anti, likishatoka halifutiki."

Rispa akaendelea kukaza kamba. Alihamia kwa binamu yake, mtaa wa Mukuru kwa Reuben.

Ndindi aliomba likizo akalitengeneza toleo la pili. Zahanati nyingine zikanusurika. Rispa, lakini, aligoma kuandikishwa popote pa kuchukulia dawa. Ndindi alimbembeleza, akalia mbele yake, wapi! Dawa zikamwishia, akakonda, na mwaka uliofuata akazikwa kwao Siaya.

"Ni homa tu," jamaa walikuwa wakiwaambia waombolezaji.

Ndindi hakumsahihisha mtu. Alitupa udongo wake kaburini, akarudi kusimama kando ya mama yake, na wimbo ulipoanza hakuweza kuimba.