Darubini au Kidoti Chekundu

Mkubwa wa kambi aliviweka vile vifaa viwili vya kulengea juu ya meza ya chai, kimoja upande wa sukari na kingine upande wa mkate, akaniambia nichague kimoja kabla ya baraza la Ijumaa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpiga fisi, kwa hivyo uamuzi ulikuwa wangu. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulinitia wasiwasi. Mkubwa akikupa hiari katika mambo ya bunduki, ujue yakiharibika jina litakalotajwa ni lako.

Mimi ni askari wa wanyamapori, na nilikuwa nimepangiwa kambi iliyo karibu na nyumbani kwetu Ndithini. Wenzangu walinionea wivu. Walidhani nitakuwa nikila muthokoi ya mama, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kila Jumapili, na kweli niliila. Hawakufikiria kwamba siku mnyama akivamia kijiji, kila mtu atakayekuwa mbele ya bunduki yangu atakuwa ni mtu aliyewahi kunibeba mgongoni.

Fisi mwenyewe tulimjua. Sikio lake la kulia lilikuwa limekatika nusu, pengine kwa waya wa mtego. Alianza na mbuzi, akahamia kwa punda, na asubuhi moja mzee jirani yetu alipojaribu kumwokoa punda wake, fisi akamng'ata mkono. Kibali kilichotoka ofisini kilikuwa cha huyo mmoja tu. Mle mabondeni mna fisi wengine wenye masikio mazima, wanaokula mizoga na kwenda zao. Nikimpiga mmoja wao nitakuwa nimemuua asiye na kosa, na mng'ataji bado yuko nje.

Ndiyo maana ile darubini ilinivutia. Ukiitazama, kichaka cha ng'ambo kinakuja hadi puani. Kwa darubini ningeweza kulihesabu sikio kabla ya kugusa kitu. Ubaya wake ni kwamba inakupa kiduara kidogo tu cha dunia, na kilicho nje ya kiduara hukioni. Hii yetu haikuwa hata na namna ya kupunguza ukuzaji. Unafumba jicho la kushoto, unaingia ndani ya kile kitundu, na huko ndani uko peke yako na mnyama.

Kile kingine kilikuwa kioo kidogo kisichokuza chochote. Ukitazama unaona kidoti chekundu kimekaa juu ya kitu unachokilenga, na macho yote mawili yanabaki wazi, kwa hivyo unaona kulia, unaona kushoto, unaona nani anapita. Lakini fisi aliye mwisho wa shamba anabaki fisi wa mwisho wa shamba, kijivu kisicho na masikio. Tena macho yangu si mazuri sana kwa taa. Kidoti ambacho wenzangu walikiona duara safi, mimi nilikiona kimetawanyika kama wino uliomwagikia shashi.

Tulikwenda kujaribu kwenye machimbo ya zamani, tukalenga galoni la mafuta ya kupikia. Kwa darubini risasi zangu zilikaa pamoja hadi mwenzangu wa doria akapiga mluzi. Kwa kidoti nilikuwa hodari karibu tu. Galoni likisogezwa mbali nilikuwa nikiua mawe.

"Darubini ni ya mtu ako na wakati," mwenzangu akasema. "Wewe huko utakuwa na wakati?"

Nilimwambia aende apike ugali. Ukweli ni kwamba nililala na swali lake.

Baraza lilifanyika chini ya mabati ya soko. Nilisimama nikiwa na jambo moja tu la kuwaomba. Kwetu, nduru ikipigwa, mtu anakimbilia ilikotoka. Huulizi ni nyoka, ni mwizi au ni moto. Unashika kilicho karibu na unakimbia. Asiyetokea hukumbukwa kwa hilo mpaka siku ya mazishi yake. Sasa mimi, mtoto wao, nilikuwa nikiwaomba kwamba nduru ya fisi ikisikika, kila mtu akae ndani na mlango ufungwe, kwa sababu nitakuwa nje na bunduki.

Mama yangu, aliyekaa mstari wa mbele na sweta yake ya bluu ya chama cha akina mama kanisani, akanyoosha mkono kabla ya wote.

"Tutakaa ndani," akasema. "Huyu msichana anajua kazi yake."

Mikono mingine ikafuata, hata ule wenye bendeji wa mzee aliyeng'atwa. Nami nikawaamini. Nimezaliwa pale, nimekimbilia nduru pekupeku tangu sijaota meno ya pili, na bado nikaamini kwamba watu wale wanaweza kuisikia na kukaa kwenye viti. Jioni ile nilimwambia mkubwa nimechagua darubini. Kama hakutakuwa na mtu nje, ya nini kuona pembeni?

Nilihamia kwa mama, mwenzangu akapewa kibanda cha jikoni. Sikulala usingizi wa maana. Kila mbwa akibweka niliishika bunduki, na asubuhi mama alinitazama macho mekundu akaniongezea chai.

Nduru ilikuja alfajiri moja, kutoka boma la mbuzi la majirani wa chini. Mwenzangu alizunguka kupitia korongoni kama tulivyopanga. Mimi nililala kifudifudi juu ya tuta la shamba letu, pale ambapo mteremko wote unaonekana, nikafumba jicho la kushoto. Fisi alitoka kwenye pojo akaingia penye mabua ya mahindi. Nikamwona bega. Nikamwona shingo. Akageuza kichwa, na lile sikio likawa pale, nusu, kana kwamba nililichora mwenyewe. Nilitoa pumzi na kidole kikaanza kuvuta kifyatulio.

Kitu cha bluu kilipita ukingoni mwa kiduara, nyuma ya fisi, kwa ukungu.

Sijui ni nini kilichonifanya nifumbue jicho la kushoto. Mteremko mzima ulikuwa umejaa watu. Walikuwa na mapanga, na mifuniko ya sufuria, na yule mzee alishika rungu kwa mkono wake mzima. Mbele yao wote, akiwa amekusanya sketi kwa mkono mmoja, alikuwa mama yangu, sawasawa nyuma ya fisi.

Nilitoa kidole nikafunga bunduki. Fisi aliwatazama wale watu, akashuka zake korongoni, na watu wakanijia wakiuliza mbona sikupiga. Niliwafokea wote bila kuchagua mkubwa wala mdogo. Nilisema maneno ambayo mtoto wa kwetu hawaambii watu wa rika la mama yake.

Mama alikuwa jikoni anapuliza moto nilipomfuata.

"Mama, si ulinyoosha mkono kwa baraza?"

"Nilinyoosha."

"Na ukasema utakaa ndani."

"Nilisema."

"Hata mbuzi hazikuwa zako. Ulikuwa unakimbilia nini?"

Aliendelea kupuliza. "Nani amekuambia nilikimbilia mbuzi?" akasema bila kugeuka. "Nilisikia nduru, nikaangalia kitanda chako, hauko. Nikajua uko huko nayo. Nilikuwa nakukimbilia wewe, mwiitu wakwa."

Aliponiita hivyo, binti yangu, kwa Kikamba, hasira iliniishia nikakaa juu ya kigoda. Nilitaka kumwambia jinsi kidole changu kilivyokuwa kimefika mbali. Alinipa chai nikaishika mpaka ikapoa.

Siku hiyohiyo nilirudisha darubini.

"Na sikio?" mkubwa akaniuliza. "Utalionaje na hicho kidoti?"

"Nitamngoja aje karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu nilione."

Akanisukumia kile kioo. Nilirudi machimboni, nikalisogeza galoni karibu, nikapunguza mwanga wa kidoti hadi ule wino ukakusanyika kidogo. Sikuitisha baraza lingine. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaomba msamaha kwa yale maneno, na nikawaomba jambo jepesi zaidi: wakimbie, lakini waje kwa upande wa juu, nyuma yangu. Mama nilimwonyesha mahali nitakapolala, upande wa chini wa boma la mbuzi wetu wenyewe, panapoonekana kutoka lango la ua.

"Utaniona," nikamwambia. "Huna haja ya kunitafuta."

Hakunyoosha mkono safari hii. Alisema tu, "Nitajaribu."

Kungoja mnyama aje karibu ni kazi ya kumaliza mtu. Kwa darubini nilikuwa na hofu ya kutoona. Kwa kidoti nilikuwa na hofu ya kuona kila kitu. Aliporudi kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nduru ilipigwa, na watu wakatoka, kama nilivyojua watatoka. Wengine walikuja kwa juu, wengine walisahau. Kwa jicho moja nilimfuata fisi akija huku akinusa harufu ya boma, kwa jingine nikawaona vijana wawili upande wa kulia, nikangoja wapite. Nikamwona mzee wa rungu upande wa kushoto. Nikangoja na yeye. Kidoti kilikuwa kimetawanyika begani mwa mnyama na mimi sikukiamini, na fisi alizidi kuja, mpaka harufu yake ikanifikia. Akainua kichwa kuelekea mbuzi. Sikio lilikuwa nusu. Nyuma yake palikuwa na udongo wa tuta tu. Nikapiga.

Watu walipaza sauti, nami sikufurahi. Nilikuwa naitafuta ile sweta ya bluu. Kulia haikuwepo, kushoto haikuwepo, na mteremko ulikuwa unajaa watu na mama hakuwemo. Hofu iliyonishika wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya asubuhi ile ya darubini.

Nilipogeuka nyuma nikamwona. Alikuwa langoni, ndani ya ua, ameshika kwa mikono miwili tawi la miiba tunalofungia lango.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Sasa naweza achilia?"

Ilibidi nimsaidie kufungua vidole. Miiba ilikuwa imeingia viganjani, na alikuwa hajaisikia.

Tulikaa dirishani penye mwanga, mkono wake juu ya goti langu, nikaanza kuitoa kwa pini. Mikono yangu, iliyokuwa imetulia kwa fisi, sasa ilitetemeka kiasi kwamba nilikuwa namchoma pasipo na kitu.

"Leta ile darubini yako," akasema. "Hapa ndio unaihitaji."

Nilicheka, kisha nikalia, na sikujaribu kuficha. Yeye aliacha mkono wake pale pale, nikaendelea na pini mpaka mwiba wa mwisho ukatoka.