Spika za Bwana Nailoni

"Zinakoroma kama mtu mwenye mafua, halafu unaniambia nzima! Nzima wapi?"

Huyo ni kaka yangu, fundi rangi, amesimama mbele ya banda la fundi redio, mikono kiunoni. Ilikuwa mara ya tatu anarudisha spika zake mpya. Fundi redio, ambaye wote tunamwita Waya kwa wembamba wake, hakubishana. Akaunganisha nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akafungulia. Muziki ukatoka safi, hadi mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akapunguza mwendo.

"Haya, mgonjwa yuko wapi?" Waya akauliza.

"Hapa unaweka vipuri vizuri, nikigeuza kisogo unavitoa. Mwizi wewe!"

Neno likishatoka halirudi. Waya akachomoa nyaya, akazikunja vizuri, akamkabidhi. "Chukua mali yako, ndugu yangu, kabla sijakuibia tena."

Kaka akaondoka akiupita mlango wa banda, mlango ambao yeye mwenyewe aliahidi kuupaka rangi ya bluu. Alikuwa ametengenezewa redio bure, akasema atalipa kwa brashi. Akapaka mkono mmoja wa rangi nyeupe ya chini, akasema bluu kesho. Kesho hiyo ina miaka tisa. Waya hajawahi kumdai.

Msimhukumu haraka. Kaka alianza kazi ya rangi akiwa kijana wa miaka kumi na saba, na wiki ya kwanza akamwaga kopo zima juu ya kochi la tajiri. Alifanya kazi miezi minne bila kuuona mshahara, akililipia kochi ambalo hata kulikalia hakukaribishwa. Tangu hapo hagusi brashi kabla ya kutandika nailoni chumba kizima. Wateja wanampenda kwa hilo. Shida ni kwamba kazi ilimfuata nyumbani. Rimoti ina nailoni. Saa ya mkononi ina nailoni. Kochi lake ukilikalia linalia, ukiinuka linakung'ang'ania, na siku ya joto unaacha ngozi yako pale kama rehani. Mke wake, wifi yangu, husema, "Sijafunikwa mimi tu, na nikilala sana nitafunikwa."

Spika hizo alizidundulizia pesa miaka miwili, na si kwa ajili ya kucheza muziki. Yeye na Waya husikiliza mpira pamoja kila Jumamosi, miaka ishirini na kitu, redio moja ndogo katikati, vichwa vimegusana kama mbuzi wanaotaka kupigana. Akasema wazee hatuwezi kuendelea kuinama hivi, safari hii tutausikia uwanja mzima tukiwa tumeegemea. Waya mwenyewe ndiye aliyekuja kuzifunga. Akazisogeza mbali na ukuta, akapima kwa hatua, akasogeza tena, mpaka ukikaa kwenye kochi unasikia sauti inatoka katikati kabisa. Wakapeana mikono kama mabwana harusi.

Waya alipoondoka tu, kaka akatoa mkasi. Akazishonea spika nailoni, mbele na nyuma, zikabana kama sare ya shule ya mwaka jana. Kesho yake zikaanza kukoroma. Na kila alipozipeleka kwa fundi, alizivua kwanza, maana mikono ya Waya ina mafuta!

Baada ya lile neno, Jumamosi ya kwanza kaka alisikiliza dakika tano akazima. Ya pili nilipita mlangoni pao nikamkuta ameinamia redio ndogo peke yake, na upande wa pili ameweka kigoda. Kitupu. Wifi akanitazama, nikamtazama. Nikavaa ndala zangu.

"Dada, mwizi harudi nyumba aliyoiba," Waya akaniambia nilipofika bandani.

"Njoo uibe na kochi, utakuwa umetusaidia."

Akacheka bila kutaka, akaja. Alipiga hodi kama mgeni. Kaka akaitikia akiangalia dari. Wifi akawasha mitambo, mtangazaji akaanza kukoroma.

Waya hakutoa bisibisi. Aliweka kiganja mbele ya spika, juu ya nailoni. Mkoromo ukakoma. Akaondoa kiganja, ukarudi. Akaweka tena, ukakoma. Kisha akageuka akamwangalia kaka, mkono ukiwa palepale.

Wifi alikimbilia jikoni kuficha kicheko, tukasikia sufuria zikianguka.

"Na vumbi je?" kaka akauliza kwa sauti ndogo.

"Vumbi halikoromi."

Akaaga, akaenda zake. Kaka hakusema samahani. Mdomo wake unajua kulaumu tu; kuomba radhi hajajaliwa. Alikaa pale hadi mpira ukaisha, akichezea ukingo wa nailoni.

Jumatatu asubuhi nilijituma mwenyewe dukani kununua sabuni, nikapita bandani. Nikamkuta kaka amepiga magoti, anakwangua mlango wa Waya. Kopo la bluu liko kando. Redio za watu zilizokuwa mezani zimefunikwa vizuri kwa vipande viwili vya nailoni ambavyo bado vilikuwa na kona za spika.

"Leo ndiyo ile kesho?" nikamuuliza.

"Pita, dada. Rangi mbichi."

Waya alikuwa amekaa nje kwenye kreti, anakunywa chai, anasimamia kazi kama bosi. Mkono wa pili wa bluu ulipokolea akausogelea mlango, akaukagua mpaka kwenye bawaba.

"Deni limekwisha," akasema. "Jumamosi nakuja mapema. Lakini kochi nalo ulivue."

Kaka akachovya brashi, akafikiri.

"Kochi hapana."